Alipanda Nyasi Kuushika Mteremko, Kisha Akawaambia Watu Wahame

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, maji ya mto yanamfika Shangazi magotini. Ameinama. Mkono mmoja umekamata fungu la nyasi ndefu kuliko yeye mwenyewe, mwingine unasukuma sururu chini ya mizizi. Nyasi hazitaki kutoka. Anasukuma, anavuta pumzi, anasukuma tena.

"Ukiivuta kwa nguvu utakatika mgongo wewe, yenyewe ibaki," anasema bila kuinua kichwa. "Hii unaibembeleza."

Shina linapokubali, linatoka na donge la udongo kubwa kama ndoo, na mizizi myembamba inaning'inia chini yake kama uzi wa sweta lililofumuka. Shangazi analirusha ukingoni. Huko, majirani zake wawili wamekaa juu ya magunia, visu mkononi, wakilipasua shina kuwa miche. Shina moja hutoa miche kumi na miwili, likiwa nono hata ishirini. Kila mche hukatwa majani yakabaki urefu wa kiganja, mizizi ikabaki urefu wa kidole, kisha miche hufungwa hamsini hamsini na kufunikwa gunia lililoloweshwa.

Leo wanataka mafungu sita. Idara ya hali ya hewa imesema mvua zitaanza baada ya siku kumi na moja. Shangazi, ambaye wiki nzima amekuwa akiyapima mawingu ya asubuhi kwa jicho, anasema ni siku nane. Mteremkoni kumebaki mistari mitatu, na kila mstari unakula miche mia moja.

Hana muda wa kuzungumza. Anazungumza akichimba.

Ana umri wa miaka hamsini na minne. Jina la Shangazi alipewa na watoto watatu wa kaka yake, mtaa mzima ukalidaka. Hata watu wanaomzidi umri humwita hivyo, naye huitika.

Nyasi anayoichimba haikupandwa na mtu. Humea yenyewe kandokando ya mto na kwenye mabonde yanayotuama maji, huchipua mwaka baada ya mwaka kutoka shina lilelile, hata ikichomwa moto, hata ikilala chini ya mafuriko wiki nzima. Wataalamu wa kilimo huihesabu katika jamii ya vetiva. Mtaani kwa Shangazi inaitwa kaidi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini.

Kwa zaidi ya miaka ishirini aliijua kwa kazi nyingine kabisa. Alikata majani yake, akauza mafungu ya kuezekea mabanda ya kuku na vibanda vya sokoni. Alifuma mikeka minene ya kutandika chini ya magunia ya nafaka. Mizizi, ambayo ina harufu nzuri ikikauka, aliifunga vifurushi vidogo vya kuweka ndani ya masanduku ya nguo ili wadudu wasisogee. Haikuwa kazi ya kumtajirisha mtu. "Nilikula nilichokata," anasema. "Siku nisiyokata, tulilala mapema."

Kisha ukaja mwaka ambao mto ulivunja kingo. Maji yalipopungua, Shangazi alishuka kutazama kama kumebaki chochote cha kukata. Ukingo ulikuwa umemegwa kama mkate, mapande kwa mapande, isipokuwa mahali pamoja tu: pale palipokuwa na kaidi. Pale udongo ulisimama wima kama ukuta, na nyasi juu yake zimelala upande mmoja, zimechafuka tope, ziko hai.

Alipanda juu, akamtafuta bwana shamba, akamleta akaone kwa macho yake.

Bwana shamba huyo ndiye aliyemfundisha kuipanda. Alimwonyesha fremu ya mbao yenye umbo la herufi A, iliyofungwa kamba na jiwe katikati, ya kutafutia usawa wa mteremko ili mistari isipande wala isishuke. Alimwambia nafasi kati ya mche na mche isizidi sentimita kumi na tano, mpaka majani yashikane yawe ukuta. Mizizi ya nyasi hii, alimweleza, haitambai pembeni kumwibia jirani chakula. Inakwenda chini moja kwa moja, kama mtu anayechimba kisima. Ila ina mashaka yake mawili: huchukua mwaka hadi miwili kukomaa, na haipendi kivuli.

Shangazi aliyashika yote hayo. La mwisho ndilo lililokuja kumtesa.

Nyumba kumi na tano za mtaa wao zimepangana mguuni mwa mteremko mkali, ambao zamani ulichimbwa kifusi cha kutengenezea barabara. Kila masika tope lilishuka hadi milangoni. Watu walizoea kuliondoa kwa koleo kama wanavyofagia uwanja. Shangazi aliomba ruhusa kwa mwenyekiti wa mtaa, akaanza kupanda. Mistari kumi na mmoja, kila mmoja wa mita mia moja na hamsini. Miche elfu kumi na moja, yote ilipandishwa kutoka mtoni kichwani.

Walimcheka. Aliyecheka zaidi alikuwa kaka yake mkubwa, fundi mwashi, ambaye nyumba yake ni ya katikati katika safu ile na kila tofali lake alilipanga mwenyewe. Alipita akiwaambia watu kwamba mdogo wake ameacha kuuza nyasi, sasa anawalimia mbuzi.

Mvua za vuli zilipokuja, tope halikufika mlangoni kwa mtu. Kicheko kikakatika. Na kama ilivyo kwa watu waliobeza kitu wakashindwa, fundi mwashi akageuka kuwa shahidi mkuu wa kaidi. Aliwaleta wageni kuitazama. Hatimaye akafanya jambo ambalo Shangazi hakulitegemea: aliongeza vyumba viwili nyuma ya nyumba, akiusogelea mteremko hadi ukabaki hatua tatu.

Nyuma ya vyumba hivyo palikuwa na miparachichi mitatu iliyopandwa na marehemu baba yao. Ilikuwa imesongamana, matawi yamekumbatiana, chini yake jua halipiti. Mistari ya kaidi ilipopita hapo ilidhoofika. Majani yalikuwa membamba, ya njano, na kati ya mche na mche ungeweza kupitisha mguu.

Shangazi alimwomba kaka yake apunguze matawi. Alikataa. Miti ile ilikuwa ya baba, na ilikuwa ikizaa. Baada ya miezi mitatu akamwomba tena. Kaka yake akamuuliza tangu lini mdogo akampangia mkubwa mambo ya uani kwake.

Shangazi hakumwomba mara ya tatu.

*

Mvua kubwa zilipoingia, kaidi ilikuwa na miezi kumi na minne ardhini. Wiki ya tatu, mvua ilinyesha siku mbili bila kupumua. Jumamosi, saa mbili asubuhi, Shangazi alipanda mteremko kukagua mistari yake kama alivyozoea. Juu ya miparachichi aliona ufa.

Ulikuwa mwembamba, wa kuingiza kidole gumba, umejipinda kama mundu. Mtu mwingine angeuruka akapita. Shangazi alichonga vigingi viwili, akapigilia kimoja kila upande wa ufa, akafunga uzi kati yake. Uzi ule aliuacha umelegea kidogo.

Saa nne alirudi. Uzi ulikuwa umekazika, ukiguswa unalia.

Saa sita ulikuwa umekatika.

Anasema hapo alikawia kushuka. Si kwa sababu ya kuogopa kuporomoka pamoja na udongo, bali kwa sababu alijua alichotakiwa kufanya. Kwa mwaka na zaidi alikuwa amewaambia watu hawa waziamini nyasi zake. Wengine walilala usingizi kwa ajili ya neno lake. Sasa ilimbidi apite mlango kwa mlango akiwaambia watoke.

Alimpigia simu mwenyekiti. Mwenyekiti alimuuliza swali ambalo kila mtu angemuuliza siku ile: si yeye aliyesema nyasi zitashika? Alimjibu kwamba alisema zikikomaa, na pale kivulini hazikukomaa. Nyumba nne zilizo chini ya ufa zitoke, sasa hivi. Mwenyekiti, kwa bahati nzuri, hakubishana. Alituma watu wawili kusaidia kubeba vitu.

Nyumba tatu zilitoka, kwa manung'uniko. Mama mmoja alipita na godoro kichwani akisema kwa sauti ya kusikika kwamba kuna watu waliodanganywa na majani. Shangazi alilisikia hilo, akaliacha lipite, akaingia nyumba ya nne.

Kaka yake alikuwa sebuleni na mama mkwe wake, aliyekuja kuwatembelea tangu juzi. Watoto walikuwa chini wakicheza karata. Wifi yake alikuwa anapiga pasi. Shangazi alisimama mlangoni, nguo zikimchuruzika maji, akasema alichokuja kusema.

"Kaka, nyasi zangu hapa nyuma hazitashika. Tokeni."

Fundi mwashi alimtazama, kisha akamtazama mama mkwe wake, akatabasamu kidogo. "Jana zilishika."

"Jana ufa haukuwepo."

Alijaribu kulifanya jambo lile mzaha. Alimweleza mkwewe kwamba mdogo wake ana moyo mwepesi tangu utotoni, kwamba alikuwa akikimbia hata radi ya mbali. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akamwambia Shangazi kwamba mtu mzima hahami nyumba yake mbele ya wakwe kwa sababu ya mstari kwenye udongo.

Shangazi alipita katikati ya sebule, akaingia chumba cha nyuma kabisa, kile kinachopakana na mteremko, akaketi kitandani.

"Watoto, wifi na mama watoke," alisema kutoka kule ndani. "Mimi na wewe tubaki. Kama unaziamini nyasi kuliko ninavyoziamini mimi, tukae tuone."

Wifi yake hakusubiri ruhusa ya mtu. Alichomoa pasi, akamshika mama yake mkono, akawatanguliza watoto nje. Hadi leo mwanamke huyo anasema hakuwahi kumwona Shangazi akimkatalia kaka yake neno, na ndiyo maana alitoka mbio.

Wakabaki wawili. Yeye kitandani, kaka yake amesimama kwenye korido. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi mtu anainua sauti ili asikike. Nusu saa ilipita, ikafuata robo nyingine. Fundi mwashi aliamuru, akasihi, akaamuru tena. Shangazi alikuwa ameegemeza sikio kwenye ukuta wa nyuma. Anasema ulikuwa ukitoa sauti ndogo, kama ya mtu anayetafuna kokoto.

"Unaniaibisha," kaka yake alisema hatimaye.

"Naam. Nakuaibisha."

Kwa hasira, fundi mwashi aliukamata mlango wa chumba kile ili aubamize, amwache mdogo wake humo na ukaidi wake. Mlango haukufunga. Uligoma kwenye kona ya juu. Akausukuma kwa bega. Haukufunga.

Mlango ule aliutundika yeye. Asubuhi ya siku ile aliufunga mwenyewe kwa kidole kimoja. Alipitisha mkono juu ya fremu polepole, akiipapasa kwa ncha za vidole kama anavyopapasa kazi ya mwanafunzi wake, na mkono ukasimama katikati. Fundi mwashi hahitaji kuambiwa maana ya fremu iliyopinda tangu asubuhi. Nyumba ilikuwa inasukumwa.

Alimshika Shangazi kifundo cha mkono, akamtoa mbiombio, akaupita mfuko wake wa zana uliokuwa pembeni ya mlango bila kuuona.

Haikufika nusu saa. Saa tisa kasorobo mchana, watu wote wakiwa wamesimama ng'ambo ya barabara, mteremko ulishuka.

"Haukupiga kelele kama watu wanavyodhani," anasimulia Shangazi. "Miparachichi miwili ilishuka imesimama wima. Inatembea, kama watu. Kisha ikalala juu ya nyumba."

Vyumba viwili vya nyuma vilipotea. Sebule ilijaa tope hadi madirishani. Lakini kovu lile lilikuwa na upana wa mita kumi na tano tu, na kila upande lilikoma penye mstari mnene wa kaidi, kana kwamba limekatwa kwa shoka. Nyumba ya jirani, ambayo ukuta wake unaweza kuugusa ukisimama kwa fundi mwashi, ilipata nyufa za plasta. Nyumba kumi na nne zilisimama. Hakuna aliyezikwa.

*

Mtu angedhani mtaa ulimshukuru. Kwa wiki mbili za mwanzo ilikuwa kinyume. Palikuwa na kikao, na waliosema kwanza walitaka nyasi zote zing'olewe na watu wachange saruji ya ukuta. Yule mama wa godoro alisema neno lake tena, safari hii akiwa amesimama.

Bwana shamba alifika na jembe na futi ya kupimia. Mbele ya watu wote alichimba kando ya mstari uliokuwa juani, akafuata mzizi mmoja kwa kisu hadi shimo likammeza kichwa. Mita mbili na nusu. Kisha akachimba ukingoni mwa kovu, kwenye miche iliyobaki chini ya mparachichi wa tatu. Mizizi ilifika urefu wa mkono hadi kiwiko, basi. Aliilaza mizizi yote miwili juu ya gunia, akamwachia kila mtu aangalie.

Kikao kiliamua nyasi zibaki, mtaro wa kugeuza maji uchimbwe juu, na kovu lipandwe upya.

Shangazi hakufurahi. Alikwenda nyumbani akalala siku nzima. "Yale bwana shamba aliyoyachimba, mimi niliyajua kabla hajachimba," anasema, na hapa ndipo mahali pekee asubuhi hii ambapo sururu inasimama. "Nilimwambia kaka mara mbili. Mara ya tatu niliogopa. Nikauita woga wangu heshima. Watoto wale wangekufa kwa sababu ya heshima yangu."

Kaka yake alipanga vyumba viwili ng'ambo ya barabara. Miezi minne hakusema naye. Salamu zilipitia kwa wifi, nazo zilikuwa fupi. Si nyumba iliyomuuma, wifi yake anaeleza. Nyumba anajua kujenga. Ni kwamba mama mkwe aliona yote.

Asubuhi moja, watu wa mtaa wakichimba mtaro, fundi mwashi alitokea na koleo lake. Alichimba hadi saa sita bila kumtazama mtu, akaondoka. Kesho yake akarudi. Siku ya nne alimsogelea mdogo wake aliyekuwa amepiga magoti akipanda, akasimama akitazama mahali ambapo palikuwa na vyumba vyake, akamwambia achukue kiwanja kile aweke kitalu.

"Hapa sasa jua lipo," alisema.

Hayo ndiyo maneno yote aliyoyatoa. Shangazi anasema yalimtosha.

Kitalu hicho kimekuja wakati wake, kwa sababu mto umeanza kulalamika. Sifa za kaidi zilipoenea, watu wa mitaa mingine walianza kuja kuichimba kwa magunia, na wengine kuiuza. Mwezi uliopita Shangazi aliona sehemu ya ukingo imemegeka, mahali ambapo mafuriko ya mwaka ule yalishindwa. Yeye mwenyewe ana sharti lake: penye mashina matatu anachukua moja, na shimo analifukia. Lakini sharti la mtu mmoja halizuii majembe ya mtaa. "Ukiyamaliza mashina haya, hujaondoa msiba," anasema. "Umeutoa mlimani, umeuleta mtoni."

Kwa hiyo mpango wake ni huu. Mashina anayoyachimba wiki hii yawe ya mwisho kutoka porini. Mistari mitatu ya kovu ikikamilika, yatakayobaki yataingia kitaluni, yakatwe na kugawanywa kila baada ya miezi minne, hadi mwakani awe na miche elfu kumi. Elfu moja ya kwanza ataishusha hapa, kurudisha kwenye ukingo. Inayobaki ni kwa mtaa wa pili, ambao nao una mteremko na tayari umetuma watu wawili kumwona. Amewapa sharti kabla ya mche mmoja: atakagua kwanza vivuli vyote, na mti ukiziba jua utapunguzwa, hata awe ameupanda baba wa nani.

Fungu la sita linafungwa saa tatu kasoro dakika kumi. Upande wa mlima wingu limeshuka kuliko jana. Shangazi analitazama kwa muda, anajifunga kanga vizuri kiunoni, anainama kutwishwa.

Miche hii ya leo haitashika kitu mvua hizi, hilo anamwambia kila anayemuuliza, na ndiyo maana chini ya kovu hakulali mtu. Anaulizwa kuhusu nyumba za pembeni, ambazo nyasi zake zimekomaa. Je, ufa mwingine ukitokea pale?

"Nitawaambia watoke," anasema, akiuweka sawa mzigo kichwani. "Nitaanza na mkubwa wao."

Anaanza kupanda.